Uani Haulipi Kodi

Koku mwanangu,

Hii nitakupa mkononi kesho pale stendi. Isome kabla dereva hajawasha gari, na uisome haraka, maana unanijua mama yako, nikianza neno silimalizi. Sasa hivi uko Nyakahanga kwa shangazi yako. Umesema umekwenda kumuaga, lakini kuaga gani kunakomfanya mtu aondoke nyumbani saa moja asubuhi bila hata chai? Umeondoka ili usisikie panga. Najua. Leo ni Jumatano, na Jumapili nilitangaza mbele ya baba yako kwamba Jumatano migomba ya bibi yako inakatwa.

Nimekaa kwenye meza yangu ya kuchorea. Viatu vyangu vina matope mpaka kwenye kamba. Hayo tutayafikia.

Mambo ya shuka, dawa ya malaria na nani atakupokea Dar sitayagusa. Baba yako amekueleza mpaka mbuzi wamekariri. Senene zako za kukaanga ameshazifunga kwenye kopo na kuandika jina lako juu, kana kwamba basi zima litajaa akina Koku. Na kile kiti cha juu ya tairi ulichokilalamikia jana kupitia kwa baba yako, kwamba mama mwenye akili hawezi kumkatia mwanawe kiti kinachorusha namna hiyo, nacho kisubiri kidogo.

Nianze na Jumapili, kwa sababu tangu siku hiyo wewe na mimi tunaongea kupitia kwa baba yako. "Mwambie mama chumvi imekwisha." "Mwambie mwanao chumvi iko kabatini." Aibu gani hii, watu wawili wenye midomo kama yetu!

Tulitoka kanisani, nikaitandaza ramani mezani. Nilijivunia ile ramani, Koku, nisikufiche. Kiwanja alichotuachia bibi yako, mama yangu, ni chembamba, kimebanwa kati ya duka la vipuri na duka la vitambaa kama mtoto aliyekalishwa kati ya shangazi wawili wanene. Miaka ile mji wetu wa Kayanga ulipolala, bati zimeshika kutu na maduka nusu yamefungwa, hakuna aliyekitamani. Sasa lami imefika, taa zinawaka barabarani, manesi na walimu na wanunuzi wa kahawa wote wanatafuta pa kulala mjini, na kila pengo kati ya nyumba mbili lina mtu anayelitolea macho. Nami nikachora: fremu mbili za maduka mbele, familia sita nyuma na juu, korido katikati, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna hata kiganja kilichopotea.

Ukaitazama muda mrefu. Nilidhani unatafuta maneno ya kunisifu.

"Mama, migomba ya bibi iko wapi hapa?"

"Itakatwa Jumatano."

"Na uani?"

"Uani haulipi kodi," nikasema. Baba yako akacheka. Wewe hukucheka.

"Bibi Felista alikuwa analipiwa kodi kila mwezi, mama. Ilimsaidia nini?"

Halafu ukatoa karatasi yako, ile uliyokuwa unaichora chumbani ukidhani sijui, yenye familia tano na uani. Sikuitazama hata vizuri. Nikakwambia ukajenge huko Dar unakokwenda, hapa Kayanga uniachie mimi, na kwamba hujawahi kushika hata kamba ya fundi. Nilisema mbele ya baba yako na mbele ya mgeni aliyekuja kununua kahawa. Niliumia pale pale nilipoyasema, lakini mdomo wangu hauna breki, na ukishateremka mlima haurudi nyuma. Nisamehe, mwanangu. Nimeliandika neno hilo mapema ili hata kama dereva ana haraka uwe umelipata.

Sasa nikueleze kwa nini jina la Bibi Felista lilinichoma namna ile.

Ulikuwa darasa la tatu alipoanguka. Kwamba alianguka kwenye ngazi za nyumba niliyoichora mimi, unajua. Kayanga nzima inajua. Ila jinsi nilivyozichora zile ngazi sijawahi kumsimulia mtu, hata baba yako.

Ilikuwa ghorofa yangu ya kwanza. Mpaka siku hiyo nilikuwa nachora nyumba za vijijini, vyumba vitatu na sebule, choo nje, kwisha. Akaja mnunuzi mmoja wa kahawa mwenye kiwanja mjini, akataka nyumba ya familia nane. Nane! Wachoraji wengine walikuwepo, wanaume watupu, na mimi nikapewa. Usiku huo sikulala kwa furaha. Nikatafuta picha za nyumba za Dar, nikaziiga zilivyo. Kila familia mlango wake, kila familia jiko lake ndani, dogo, safi, la kuweka jiko la gesi la mioto miwili. Hakuna kuonana na jirani. Nilidhani hayo ndiyo maendeleo, mtu anapika bila kuonekana.

Koku, mimi nimezaliwa Nyakakika. Nimemenya ndizi kabla sijajua kusoma. Mimi huyu huyu nikachora jiko la mtu anayekula wali. Ndizi za watu saba utazimenyea wapi pale? Sufuria kubwa iliyofunikwa majani utaiweka wapi, na ule moto wake wa taratibu wa asubuhi nzima? Na maganda je? Haukupita mwezi, wapangaji wote walikuwa wametoa majiko yao ya mkaa nje, wakayapanga pale ngazi inapopumzikia, maana ndipo palipokuwa na hewa. Wanawake wakawa wanamenyea kwenye vidato, mmoja juu ya mwingine, anayetaka kupita anaomba njia. Mwenye nyumba akaja kunifokea kwamba wapangaji wake ni washamba. Nikaitikia. Eti ndiyo, ni washamba, watazoea.

Na ngazi zenyewe. Tulipokuwa tunamalizia ramani, mwenye nyumba aliweka kidole pale. "Hizi ngazi zinakula chumba kizima. Zifinye." Penseli yangu ilisita, Koku. Nakumbuka kabisa ilivyosita. Nilijua kwamba nikizifinya zitasimama kama ngazi ya kupandia mparachichi. Halafu nikajijibu jibu ambalo ni mtu wa huku tu anaweza kujijibu: watu wetu wanapanda na kushuka vilima kila siku na mkungu kichwani, ngazi ya nyumba itawafanya nini? Nikafinya. Chumba kikapatikana. Nikasahau kwamba kilimani mtu akichoka hukaa pembeni kwenye majani, akapumua.

Bibi Felista aliletwa kutoka Kamuli na mwanawe Deus, dereva wa lori, kwa sababu alibaki peke yake kijijini. Akawekwa juu. Siku ya kwanza nilipokutana naye alikuwa amesimama juu ya zile ngazi na ndoo ya maganda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyechora nyumba hii?"

Nikasema ndimi, nikanyoosha mgongo nipokee sifa zangu.

"Mgomba uko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Bibi, hapa ni mjini. Pipa la taka liko kule nyuma."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyetukana bila kujua maana yake. "Maganda ni chakula cha mgomba, mwanangu waitu. Hayatupwi." Akashuka na ndoo yake, polepole, mkono ukutani.

Unajua alikuwa anayapeleka wapi? Kwa mama yangu. Kwa bibi yako, kwenye ile migomba mitatu nyuma ya nyumba yake ya udongo, pale pale kwenye kiwanja tunachogombania. Kila siku alishuka zile ngazi, akavuka barabara, akamwaga maganda kwenye shina, na mama akamkaribisha akae. Walikuwa wanamenya pamoja, wanatafuna punje za kahawa, wanasema watu. Mama alikuwa hajapata shoga tangu ahamie mjini. Wewe ulikuwa unatoka shule unawakuta, wanakubandulia ganda la ndizi na kukuvisha kidoleni kama pete.

Akaanguka siku ya mvua, na ndoo mkononi. Nyonga ikavunjika. Alilazwa muda mrefu, na alipotoka Deus akamrudisha Kamuli, maana kwenye zile ngazi asingeweza tena.

Mama hakunigombeza. Ndilo lililoniuma. Alikuwa anakata majani ya kufunikia sufuria, hata hakugeuka. Akasema, "Yule mama alikuwa anakuja kwangu kwa sababu kwako hapakuwa na mahali pa kukaa." Basi. Na mimi nikamjibu vilevile nilivyokujibu wewe Jumapili: kwamba yeye hajui kazi ya ramani, aniachie. Kwa mama yangu mzazi! Baadaye tulicheka mambo mengine, tukala pamoja, nikamuuguza mpaka Mungu alipomchukua, lakini neno lile hatukulirudia kamwe. Lilibaki limekaa katikati yetu. Kwa hiyo uliposema jina la Bibi Felista nilisikia sauti ya mama yangu ikitoka kwenye mdomo wako, nikaona kesho kutwa wewe uko Dar na mimi niko hapa, na neno lingine limekaa katikati. Nikaogopa, Koku. Mimi nikiogopa napiga kelele, unanijua.

Nilikwenda Kamuli kumwona, mara moja, na sukari na sabuni. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima juu ya bodaboda. Alinipokea vizuri, akanitolea kahawa ya kutafuna, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Migomba inakula?"

Nikasema inakula. Uongo mtupu. Tangu aanguke hakuna aliyeipelekea kitu, na mama miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Nilirudi na hotuba yangu tumboni. Kesho yake ndipo ukaanza kuniona nabeba ndoo ya maganda kwenda kwa bibi yako. Ulikuwa unawaambia wenzako mama anampenda sana bibi. Haya, nilimpenda pia.

Sasa utaniuliza: mama, kama yote hayo uliyajua, ilikuwaje ukachora kutoka ukuta hadi ukuta? Swali zuri. Sina jibu zuri. Kiwanja kikiwa cha mwingine ni rahisi kuona tamaa yake. Kikiwa chako, tamaa unaiita hesabu.

Jana nilikwenda nyuma ya duka la vitambaa, kwenye vile vyumba walikohamia wapangaji tuliowaweka kwenye nyumba ya bibi yako alipofariki, tulipoibomoa. Nilikwenda kuwaambia msingi unaanza, kwamba ahadi yangu ya kuwarudisha ipo palepale. Nikamkuta Mama Imani amekaa uchochoroni anamenya ndizi, mtoto amemfunga kwa kitenge kwenye mguu wa meza asije akatambaa mpaka barabarani. Yule Mama Imani ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mumewe kibarua wa kupakia kahawa. Nikakaa. Sikupanga kukaa, ila miguu ilikaa yenyewe. Nikachukua kisu, nikamenya naye, nikamuuliza kitu ambacho tangu nianze kazi hii sijawahi kumuuliza mpangaji: nyumba unaitakaje?

Alidhani namtania. Kisha akasema, "Mama Koku, mimi chumba hata kikiwa kidogo nitakaa. Nipe tu mahali pa kumenyea ambapo mtoto namwona."

Nesi Adventina akatoka chumbani kwake, macho mekundu, katoka zamu ya usiku. Akasema naye ana ombi. "Mlango wangu usitazamane na wa mtu, mama. Nawapenda wote, lakini nikitoka zamu napewa salamu tano kabla sijafika kitandani. Habari za wagonjwa, habari za daktari, habari za usingizi. Usingizi wenyewe uko wapi!" Tulicheka mpaka mtoto akaanza kulia.

Kwa hiyo usivimbe kichwa. Usiku niliichukua karatasi yako, nikaitazama kwa jicho la kazi. Milango yako yote mitano inatazamana kama mkutano wa kijiji. Adventina angehama wiki ya kwanza. Uani wako umeuweka nyuma kabisa, ambako jua halifiki kwa sababu ya ukuta wa vipuri, na maji yote ya bati yangeingia kwa mwenye vitambaa. Angetupeleka kwa mtendaji kabla ya Krismasi. Na ngazi zako, mwanangu, umezifinya. Ndiyo, wewe! Zipime tena. Nilipoziona nilikaa chini nikacheka peke yangu, baba yako akauliza kuna nini, nikamwambia damu ni damu.

Lakini ulichokiona ulikiona kweli. Mimi sikukiona, na nimeipita ile migomba kila siku ya maisha yako.

Huko chuoni watakufundisha mengi ambayo mimi nimeyaokota kwa kuungua. Nami sina mengi ya kukufungia. Kabla hujamchorea mtu, nenda ukakae anapopikia, usiende na daftari, nenda na kisu umenye. Penseli ikisita, na wewe sita. Na utakutana na mwenye kiwanja atakayeweka kidole kwenye karatasi akuambie finya hapa. Dawa ya hilo sina, nisikudanganye. Pengine siku nyingine utafinya, maana nawe utataka kula. Ila umjue kwa jina atakayepita pale.

Dereva bado hajawasha? Haya, sikiliza sasa.

Kile kiti cha juu ya tairi nilikichagua mwenyewe, jana hiyo hiyo nilipotoka kwa Mama Imani. Kijana wa tiketi alinionya, "Mama, hicho kinarusha, chukua cha mbele." Nikamwambia nataka hicho hicho, kushoto, dirishani, vya mbele vyote vilivyobaki vilikuwa vya kulia. Basi likitoka stendi litapita mbele ya kiwanja cha bibi yako, na pale kuna tuta, litapunguza mwendo. Kutakuwa kumeshaanza kupambazuka. Futa kioo, utazame.

Utaona vigingi. Leo tangu asubuhi mimi na fundi Siliveri tumeviweka, kwa mvua, ndiyo matope haya. Alinuna sana, maana alikuja na panga na sikumruhusu hata kulitoa kwenye kiroba. Utaona kamba nyeupe inatoka barabarani inakwenda nyuma, halafu katikati, mahali ambapo kwenye ramani yangu hapakuwa na kitu ila korido, inakata kona, inazunguka, inarudi. Jua la mchana linafika pale, nimehakikisha. Ngazi zitatua hapo hapo, na zimelala, hata mtu wa kutoka Kamuli atazipanda ameshika ndoo. Familia ni tano. Nafasi ya ile ya sita tumeupa uani.

Na ndani ya kamba, Koku, migomba yote mitatu imesimama. Ule wa mbele umetoa mkungu. Ukirudi likizo utakuwa umekomaa, utaumenya wewe.

Anayekaa kando yako akikuuliza unalia nini, mwambie ni hili tairi, linarusha.

Mungu akutangulie, mwanangu.

Mama yako